Mtani Hanuniwi

Biasha binti Saburi alizaliwa na hasira zake, na mtu ambaye hakulijua hilo pale Mikongeni, basi alikuwa mgeni wa jana. Mume wake wa Mlandizi alisema alimwacha kwa sababu ya hasira hizo. Uongo mtupu! Talaka Biasha aliidai mwenyewe, akasimama mlangoni kwa kadhi mpaka ikaandikwa, akarudi nayo kwao kaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu aliyetoka dukani na chumvi. Tangu hapo akawa anaishi na shangazi yake, Bi Mwanne, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Analima muhogo na mananasi, na jioni anakwenda kisomo.

Mwaka huo ulikuwa wa sabini na tano, na kisomo kilikuwa kimepamba moto. Mikongeni, kijiji cha ujamaa kilichoko ndani ndani ukiipita Mbwawa, watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanakaa kwenye mabenchi wakigombana na herufi, maana mtihani wa nchi nzima ulikuwa unakuja mwezi wa nane. Biasha alikuwa na miaka thelathini na miwili. Nyimbo alikuwa nazo kinywani tangu utotoni. Kwenye ngoma za wanawake yeye ndiye aliyekuwa anatunga, wenzake wanaitikia. Kalamu tu ndiyo aliyoichelewea.

Basi akaja Leodegar. Alikuwa fundi wa kuchora, kibarua wa wilaya, ametumwa na makopo yake ya rangi kupita vijijini akichora kwenye kuta za madarasa ya kisomo picha za kufundishia. Mrefu, mpole wa sauti, Mkristo wa Tabora, Mnyamwezi. Na hilo la Unyamwezi ndilo la kushika, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kuingia msibani kwako akalilalia jeneza, akagoma kuondoka mpaka apewe kitu. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Wewe kazi yako ni kucheka, na kumtafutia lako la kumrudishia. Kumkasirikia ni mwiko. Mtani hanuniwi, ndivyo wanavyosema, na wanaosema hivyo ni wale ambao hawajawahi kuumizwa na mtani.

Agizo lilikuwa picha ya mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji safi. Lakini lile banda la kisomo asubuhi lilikuwa chuo cha Kurani, na Maalim Kondo akaja juu: picha yenye uso na macho haitakaa pale watoto wakisoma, hata wilaya yote ije na virungu. Leodegar hakubishana.

"Maalim," akasema, "basi nitamchora mgongo."

Maalim Kondo akafikiri, akaona mgongo hauna dhambi yoyote anayoikumbuka, akakubali.

Siku tatu Leodegar alikaa kwenye gogo karibu na kisima, daftari magotini, akichora migongo ya wanawake kwa penseli. Wanawake walimtania mpaka wakachoka. Mmoja akamwambia mgongo wake unalipiwa, mwingine akamwambia kwao Tabora hakuna migongo ndiyo maana katoa macho. Biasha hakusema neno. Yeye alianguka kutoka juu ya mkorosho akiwa mtoto, bega la kushoto likabaki limelala chini kuliko la kulia, na akijitwisha ndoo lazima ainamishe shingo kidogo ili ndoo itulie. Watu walizoea kumwigiza. Kwa hiyo mtu anayetazama migongo hakumpendeza hata kidogo.

Siku ya tatu akachelewa kisimani, akabaki peke yake. Leodegar akainuka kwenye gogo, akaja kumsaidia kujitwisha. Ndoo ilipokaa sawa kichwani, akasema kwa sauti ya chini:

"Bega lako hili nimelichora mara tisa. Bado silipatii."

Biasha akangoja mkia wa utani, maana neno la mtani halikosi mkia. Hakukuwa na mkia. Mwanamume alirudi kwenye gogo lake, akainamia daftari, akalianza lile bega upya. Biasha aliondoka na maji yake, na njia nzima hakujua anakanyaga wapi.

Picha ikamalizika Jumatano, na kijiji kizima kikaja kuitazama. Mama wa ukutani alikuwa anaondoka zake. Kanga nyekundu, ndoo ya bati kichwani, shingo imeinama kidogo, bega la kushoto limelala. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. "Biasha huyo!" wakasema, wakacheka, wakaenda zao. Lakini Biasha alibaki amesimama. Aliyemchora hakumwigiza. Miaka yote bega lile limechekwa, na hapa mtu amelitazama mpaka akaliona kuwa ni zuri. Alimpenda Leodegar pale pale, mbele ya ukuta, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Sasa afanye nini? Mwanamke mtalaka, Mwislamu, amtumie nani kwa Mnyamwezi wa kanisani? Posa hutoka upande wa mwanamume. Mwanamke hutoa dalili tu, na mwenye akili akaiona. Biasha akaamua kutoa dalili yake kwa njia aliyoijua. Alhamisi nzima alikuwa shambani anaandika chini kwa kijiti na kufuta kwa unyayo. Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na wanawake wako majikoni, akaingia bandani na kipande cha mkaa, na chini ya miguu ya yule mama akaandika mistari miwili, ya kwanza maishani mwake ambayo haikutoka kwenye kitabu cha kisomo:

*Mgongo umeuona, na uso njoo uone;*
*Ndoo naitua, bwana, njaa ya macho ipone.*

Ilimchukua muda mrefu kuliko kukata kuni za wiki. Alipomaliza alisoma kwa kidole, akahesabu mizani, akaona imetimia. Akaenda kunawa mkaa akiwa anacheka peke yake kama mwali.

Furaha hiyo haikufika alasiri. Bi Zubeda, jirani yao, mwenye mdomo usio na kitasa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyasoma maneno yale. Aliyasoma silabi kwa silabi, kwa sauti, na kila silabi ikaita mtu mmoja zaidi. Alipofika kwenye "bwana" banda lilikuwa limejaa. Wengine wakaangua kicheko, wengine wakasema astaghafirullahi. Maneno ya namna ile, ukutani kwa serikali, tena ukuta wa chuo! Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyijuma, akaamuru kengele ya chuma cha reli igongwe, watu wakakaa baraza hapo hapo bandani, picha ikiwatazama kwa kisogo.

"Ndugu wananchi," akasema Mwinyijuma, "hapa pameandikwa upuuzi. Nataka kumjua aliyeandika."

Biasha alikuwa amekaa upande wa wanawake, kanga kaikaza kiunoni. Hakuwa na nia ya kujificha. Alikuwa anatafuta tu pumzi ya kusimamia.

"Mwanakisomo mmojawapo labda," mtu akasema.

"Wanakisomo gani?" Mwinyijuma akamkata. "Wanawake hawa? Hawa bado wanaandika baba analima, mama anapika! Haya yamepimwa, yana vina. Haya ni ya mtu aliyesoma. Fundi, hebu simama. Ni wewe?"

Leodegar akasimama, kofia mkononi. Akatazama ukuta, akayasoma yale maneno polepole, na Biasha aliyekuwa anamtazama usoni akaona wazi kabisa kwamba ameelewa. Akageuka, akamtafuta kati ya wanawake, akamwona. Biasha akamtikisia kichwa kidogo: sema si wewe, nami nitasimama. Hilo tu ndilo alilotaka kwake. Asiseme hata neno la kumtetea.

Tabasamu likamjia Leodegar, taratibu, kama mtu anayevaa shati la kuazima.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mmesahau mimi ni Mnyamwezi? Utani huo. Nimemsemesha mtani wangu Biasha. Mwanamke mkali vile, nimeona picha itamfaa ikimtongozea."

Banda likalipuka. Mwinyijuma mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Kesi ikaisha papo hapo, maana utani hauna kesi. Wanawake wakakimbilia nje, wakarudi na sufuria ya maji ya wishwa wakammwagia fundi kuanzia utosini, ndiyo malipo ya mtani, naye akaruka huku na huku akipiga kelele, watu wakafa kwa kicheko. Bi Zubeda akamshika Biasha mkono amvute aje naye amwage lake.

"Niache," Biasha akasema.

"Ah, Biasha! Mtani hanuniwi, bwana."

Aliuchomoa mkono wake kwa nguvu hata bangili ikaruka, akaenda nyumbani. Huko akachukua mchi, akatwanga muhogo mkavu mpaka ukawa vumbi, akaendelea kutwanga vumbi. Bi Mwanne alikaa mlangoni akimtazama.

"Mwanangu, kinu hakijakukosea."

"Shangazi, yale maneno ni yangu."

Bi Mwanne alikuwa mwanamke mtu mzima, aliyajua maneno ya binti wa kaka yake hata yakiandikwa na mkaa. "Basi afadhali," akasema mwishowe. "Kakusitiri. Wangejua ni wewe, ungeuweka wapi uso wako?"

"Kanisitiri?" Biasha akatupa mchi. "Mimi nimemtamkia mtu la moyoni, yeye kasimama akaligeuza la kuchekea! Kijiji chote sasa kinasema Mnyamwezi kanichezea shere. Na lile zee linasema mwanamke hawezi kutunga! Mimi! Ngoma zote za hapa wanazochezea wake zao, katunga nani? Kunisitiri gani huko, Shangazi?"

"Utulie. Mtani hanu…"

"Usiniambie hivyo na wewe!"

Asubuhi yake alimfuata bandani. Leodegar alikuwa anafunga makopo. Lori la kumchukua lilikuwa linakuja saa nne. Alipomwona akaacha kazi.

"Biasha. Nilitaka kuja kwenu."

"Ulitaka kuja kufanya nini, kumalizia utani?"

"Nielewe. Kibarua changu kiko mikononi mwa watu hawa. Mwenyekiti akiandika barua moja kwamba fundi anavuruga wanawake wa kijiji, nimekwisha. Na wewe je? Nimekusitiri."

"Umenivua nguo mbele ya watu mia mbili, halafu unaniambia umenisitiri."

"Ningesema nini?"

"Ungesema si mimi! Maneno mawili, Leodegar. Nilikuwa nasimama. Ulinitazama, ukaona nasimama."

Leodegar alikuwa kweli ameona. Akatazama ule ukuta, akatoa lile daftari lake la penseli, na neno kwa neno akayanakili yale maneno ya mkaa. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akayafuta, kukabaki wingu jeusi chini ya miguu ya mama.

"Nimeyahifadhi," akasema, akigonga daftari. "Nipe mwezi mmoja. Nitatuma watu kwa shangazi yako, kwa utaratibu, kama inavyotakiwa. Naapa."

Hapo moyo wa Biasha ukalegea, na ndilo jambo alilojilaumia baadaye kuliko yote. Alijiambia kwamba hakuna mtu anayenakili utani. Akamwacha aondoke bila kumtukana, yeye Biasha, ambaye hajawahi kumwachia mtu hivi hivi.

Mwezi ukapita, na wa pili ukaanza. Hakuja mjumbe, haikuja barua, haikuja hata salamu kwa dereva. Kilichokuja kila siku ni kejeli. Akifika kisimani, mtu akitua ndoo anaimba, "Ndoo naitua, bwana!" na wenzake wanaitikia kwa kigelegele. Akipita kilabuni, wazee wanaulizana kama njaa ya macho imepona. Wanaume wawili watatu waliomtaka kimyakimya wakaacha kumtaka, maana nani aoe mwanamke aliyegeuzwa wimbo? Na kila akikunja uso, jibu lilikuwa moja: mtani hanuniwi. Kwamba hata haki ya kukasirika amenyang'anywa, hilo ndilo lililokuwa linamchoma usiku na mchana. Ukipigwa unalia. Ukiibiwa unapiga kelele. Yeye ameumizwa, na kijiji kizima kinamwambia acheke.

Hasira yote akaimwaga kwenye kalamu. Mtihani wa mwezi wa nane ulipokuja, aliufanya kama anayelima shamba la adui. Majibu yalipotoka, Mikongeni ilikuwa na watu watano waliofaulu mpaka hatua ya juu, na Biasha binti Saburi alikuwa wa kwanza wao. Wakaambiwa kuna sherehe Kisarawe, waende wakapewe vyeti, na Mwenyekiti Mwinyijuma atawaongoza.

Walifika Kisarawe asubuhi na lori la kijiji, wamejaa vumbi la Pugu, na ubaridi wa vilima vya huko ukawakuta na nguo za bondeni. Biasha alikuwa amevaa kanga mpya. Alijua Leodegar yuko huku, maana ndiko makao ya wilaya. Ndani ya lori alikuwa amejipangia maneno ya kumwambia, makali kwanza, na mwishoni, kama atajieleza vizuri, si makali sana. Ndivyo alivyokuwa bado mjinga.

Ukumbi wa sherehe ulikuwa umepakwa chokaa upya. Watu walikuwa wamekusanyika nje, upande wa ukuta wenye jua, wanatazama kitu. Biasha akapenya. Akajikuta anatazama mgongo wake mwenyewe.

Ulikuwa mkubwa mara tatu ya ule wa Mikongeni. Kanga nyekundu, ndoo, shingo, na bega. Safari hii amelipatia hasa. Na chini, kwa herufi nyekundu za rangi ya mafuta, kubwa kama mikate: *Mgongo umeuona, na uso njoo uone; Ndoo naitua, bwana, njaa ya macho ipone.* Na chini ya hayo: *Mchoraji na mtunzi, Leodegar.*

Alisoma bila kutembeza kidole. Akasoma tena ile ya chini. Mtunzi!

Mwenyewe alikuwa pale, shati jeupe, makopo ya rangi bado yako miguuni, ukingo wa picha haujakauka. Pembeni yake alisimama mgeni wa heshima, Bwana Gregori, ofisa wa utamaduni, amemwekea mkono begani akiwahutubia watu.

"Huyu ndiye msanii tunayemtaka," alikuwa anasema. "Anachora na anatunga. Mistari miwili tu, lakini ina mapenzi kuliko barua ya kurasa kumi! Nimekwisha sema, kijana huyu haondoki hapa. Tumempa ajira ya kudumu."

Watu wakapiga makofi. Leodegar akainamisha kichwa kwa heshima, akashukuru. Alipokiinua, akamwona Biasha.

Jamani, kuna hasira za kelele, na kuna hasira ambayo mwenyewe unaisikia inafika na kukaa, imetulia. Biasha alipita katikati ya watu bila kumsukuma mtu, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee," akamwambia kwanza Bwana Gregori, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mama."

"Naomba nimwulize fundi neno moja." Akamgeukia Leodegar. "Haya maneno mekundu ni ya nani?"

Makofi yalikuwa yamenyamaza. Mwinyijuma akaanza kusogea, akinong'ona, "Biasha, Biasha, wageni hawa." Leodegar alitazama ule ukuta, akamtazama Bwana Gregori, akamtazama yeye. Na tumpe haki yake, kwa mara ya kwanza hakuvaa tabasamu.

"Ni yake," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Bwana Gregori, maneno si yangu. Ni ya huyu mama. Aliyaandika kwa mkaa, Mikongeni, chini ya picha yangu. Aliniandikia mimi. Nami… mimi nampenda. Nataka kumwoa."

Wakacheka.

Alianza Bi Zubeda, ambaye naye alikuwa amefaulu, kisha wale wengine wa Mikongeni, kisha Wazaramo wote waliokuwepo, na pale Kisarawe si wachache. "Huyo Mnyamwezi!" Mwinyijuma akamweleza mgeni huku anashika mbavu. "Mtani wetu, mheshimiwa! Ndivyo alivyo. Kijijini alitufanyia hivi hivi, tukammwagia wishwa. Leo kaja na jipya, ati anaoa!"

"Kumbe!" Bwana Gregori naye akaanza kucheka. "Nilikaribia kuamini."

"Si utani!" Leodegar akasema. "Wallahi si utani!"

Mkristo kuapa wallahi! Watu wakashika magoti. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi, na alipotokwa na machozi, ndipo mtu akapaza sauti kwamba huyu mtani ni hatari, hata machozi anayo tayari. Leodegar akazunguka akitafuta uso mmoja unaomsadiki. Hakuupata. Mwishowe akamgeukia Biasha, mikono imeinuliwa kidogo mbele.

"Biasha, waambie. Wewe unajua. Waambie ni kweli."

Biasha alijua. Alikuwa anaona kwa macho yake kwamba mwanamume huyu anampenda, na kwamba huenda alimpenda tangu siku ile ya ndoo. Angeyasema haya Mikongeni, siku ile ya Ijumaa, leo angekuwa mume wa mtu. Lakini aliyaweka. Alimwacha Biasha achekwe miezi miwili peke yake, akachukua maneno yake akayapaka rangi, akayapatia ajira, na leo kwa kuwa amebanwa ukutani ndiyo anakumbuka kupenda. Moyo ulimuuma Biasha kiasi kwamba alitaka kukaa chini. Hakukaa.

Aliinama, akachukua brashi kwenye kopo. Rangi nyekundu ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ikachafua kanga mpya. Akaenda ukutani. Kwanza akalipiga jina la Leodegar mstari mmoja, mnene, toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu chini yake akaanza kuandika, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na kadiri alivyoandika kicheko kikawa kinapungua nyuma yake, mtu mmoja mmoja, mpaka ikawa inasikika brashi tu ikikwaruza chokaa. *Biasha binti Saburi, Mikongeni.* Mwandiko ulikuwa wa mwanakisomo, umelala upande. Lakini ulisomeka.

Mwinyijuma alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alilisoma lile jina, akapandisha macho kwenye ile mistari yenye vina, akarudi kwenye jina.

"Mama," Bwana Gregori akasema, sasa hacheki, "kwa hiyo ni kweli anayosema huyu?"

Biasha akarudisha brashi kwenye kopo. Akageuka, akawaonyesha watu wote wa Kisarawe uso wake, ulivyovimba kwa hasira, na machozi ambayo hakujali kuyafuta.

"Maneno ni yangu," akasema. "Mwanamume si wangu."